Simu na sahani ya mtoto



Swali tunaloulizwa sana siku hizi ni hili: kuna programu ya simu inayosaidia kulisha watoto vizuri? Zipo. Mwaka 2016 Uingereza ilitoa moja iitwayo Sugar Smart. Mzazi alielekeza kamera kwenye mistari myeusi ya pakiti, na simu ilimwonyesha sukari iliyomo. Ilimfaa mwenye kununua vyakula vya pakiti. Fungu la ndagala na sombe ya kutwanga havina mistari hiyo.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, walianza mwaka 2012 huduma ya Wazazi Nipendeni. Wajawazito na wazazi wa watoto wachanga walipokea mashauri kwa ujumbe mfupi wa Kiswahili, bila malipo, hata kwenye simu ndogo. Kwa hiyo hata sisi tunaweza kuanza na simu tulizo nazo.

Jambo la kwanza ni kuhesabu. Hadi miezi 6 mtoto anyonye tu, bila maji wala uji. Baada ya hapo anaendelea kunyonya hadi miaka 2 na zaidi, huku akila. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wamegawa vyakula vya mtoto wa miezi 6 hadi 23 katika makundi 8, na kila siku apate angalau 5:

1. Maziwa ya mama.
2. Muhogo, mahindi, mchele, viazi, ndizi za kupika.
3. Maharagi, soya, karanga.
4. Maziwa ya ng'ombe.
5. Samaki na nyama. Ndagala ni humu.
6. Mayai.
7. Sombe, lengalenga, karoti, boga la njano, papai, embe.
8. Matunda na mboga nyingine: nyanya, avoka, ndizi mbivu.

Tuchukue mtoto wa mwaka mmoja. Asubuhi amekunywa uji wa mahindi, mchana amekula bugali na ndagala, jioni bugali na sombe, na bado ananyonya. Tumbo limejaa, lakini ukihesabu ni makundi 4: mahindi na muhogo ni kundi moja. Weka karanga zilizosagwa ndani ya sombe, yanakuwa 5. Ongeza kipande cha avoka, yanakuwa 6. Karanga nzima usimpe mtoto mdogo, zinaweza kumkaba.

Hapo simu inasaidia. Piga picha ya kila sahani ya mtoto. Jumapili tazama picha za siku 7 pamoja na baba wa watoto. Mutaona wenyewe kundi gani halikuonekana wiki nzima, na mutajua la kununua Jumatatu. Pia weka kengele ya simu: kuanzia miezi 9 mtoto anahitaji milo 3 au 4 kwa siku, na kitu kidogo katikati, kwa sababu tumbo lake ni dogo. Asiyejua kusoma atumiwe mashauri kwa sauti.

Tunajua simu ya nyumbani mara nyingi inatoka asubuhi na baba, na umeme ukikosekana, kuchaji ni kulipa. Basi chora makundi 8 kwenye karatasi, ubandike jikoni, na utie alama kwa kalamu. Ni hesabu ileile. Na kama pesa ni za mega au za yai, tununue yai.

Tujihadhari na mambo mawili. Programu za kupunguza unene ni za watu wazima. Mtoto asipimiwe chakula kwa hizo. Tena, simu hiyohiyo inaleta matangazo ya maziwa ya kopo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba kampuni zinawafuata wamama kwenye mitandao ili wayanunue. Shauri la kunyonyesha tulichukue kwa muganga, si kwa tangazo.

Kuna kitu picha haiwezi kupima. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, ule utepe wa mkono wenye rangi tatu ndio unaosema. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: peleka mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano: naye apelekwe, muganga amfuatilie. Miguu yote miwili ikivimba, usingoje utepe wala Jumapili. Nenda mara moja.

Wiki hii kila mama apige picha au atie alama kwa siku 7. Kwenye mkutano wetu ujao tutaangalia ni kundi gani linakosekana zaidi katika nyumba zetu, na tutapanga jinsi ya kulipata kwa pamoja.