KARATASI ZA NYUMBA SI MALI YA KOTI LA BABA



Mabati yanavuja, na panya hawajui kusoma. Hata hivyo kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na stakabadhi za mahindi bado zinalala kwenye koti la baba. Baba akienda Mafinga, koti nalo limekwenda! Mama anafika zahanati mikono mitupu.

Tunasema kila nyumba iwe na mfuko wa plastiki wa kubana mdomo, utundikwe ndani, mama na mtoto mkubwa waujue. Tangu 2022 mbolea ya ruzuku inataka namba ya mkulima. Ikilowa, utaitafuta ofisini wenzio wanapanda.

Mbegu ya maharage nayo ipate mfuko wake, ila ikauke kwanza, isije ikavunda.