NYUMBA YETU: Nani anakula kura yote?



Wale wanaokaa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi wanajua vile mwezi wa kumi unatutesaka. Mvua haijaanza vizuri, majani yamekauka, na kuelekea mwisho wa mwezi jua la saa sita linasimama kabisa juu ya kichwa, hata muti hautoi kivuli cha pembeni. Mabati yanawaka. Ndipo yule aliye na makuta kidogo anaenda kununua klimatizeri. Na ndipo vita inaanza mu parsele.

Nitawaelezea ya kwetu, maana najua mu parsele nyingi ni vilevile.

Tunakaa nyumba ine kwa kontere moja. Ni kontere ya kulipa mbele: unanunua inite, unaingiza namba, zikiisha giza inaingia. Kila mwezi tunachanga, kila nyumba sehemu sawa. Nyumba ya kwanza ni yetu. Ya pili ni ya shemeji yangu, anatumika usiku ku mugodi, anaendesha kamyo kubwa. Ya tatu ni ya mama mumoja mwenye watoto sita, anayepika na resho kwa sababu mufuko wa makala umepanda bei. Ile ndogo ya nyuma ni ya bibi mumoja mujane.

Shemeji anarudi asubuhi, analala saa mbili mpaka saa nane ya mchana. Nani anaweza kulala saa hizo chini ya mabati, bila plafo, mu mwezi wa kumi? Mara mbili alishituka ku volani, macho imefunga. Bibi yake akaogopa, wakanunua klimatizeri ya nguvu ya farasi mumoja. Mimi sikuwalaumu. Afazali kulipa kura kuliko kulipa sanduku.

Lakini inite zilizokuwa zinatufikisha mwisho wa mwezi, safari hii zikaisha tarehe 19. Mama wa nyumba ya tatu akasimama katikati ya parsele, akasema kwa sauti ambayo barabara yote ilisikia: «Ile mashini yenu inakulaka kura yetu yote! Batoto yangu banasoma na bujia!» Shemeji naye akatoka, usingizi mu macho, akajibu vibaya. Majuma mawili hawakusalimiana, na wote wawili wanaimba mu kwaya moja.

Siku ya posho nikawaomba kitu kimoja: tuhesabu. Na wewe unayesoma, unaweza kufanya vilevile. Zima vitu vyote mu parsele, hata frigo. Andika namba iliyobaki ku kontere. Washa kitu kimoja tu saa nzima, kisha angalia namba tena. Ile iliyopunguka, ndiyo chakula cha kile kitu kwa saa moja. Inite moja ni kilowati moja kwa saa moja, hakuna siri ingine.

Tulianza na klimatizeri. Saa ya kwanza ilikula karibu inite 0,9. Kwa saa sita kila siku, siku 26 za kazi, ni kama inite 140 kwa mwezi. Mama wa nyumba ya tatu akatutazama: munaona?

Kisha tukawasha resho yake. Ni resho ya waya, wati 1.500, haijizimi yenyewe hata chungu kikichemka namna gani. Saa moja: inite moja na nusu. Yeye anapika saa ine kwa siku, sababu maharagi peke yake inachukua karibu saa tatu. Hesabu mwenyewe: inite 6 kwa siku, 180 kwa mwezi. Mama akanyamaza. Hakujua, na mimi pia sikujua. Resho haina sauti kama klimatizeri, haitoi maji ku dirisha, hakuna anayeiona.

Sisi wenyewe tulikuwa na ampuli ya wati 100 inje kwa ajili ya wezi, inawaka usiku kucha saa 12. Hiyo ni inite 36 kwa mwezi. Ampuli mupya ya LED ya wati 10 inatoa mwangaza wa kutosha, inakula 3,6. Niliibadilisha jioni ileile, na haya kidogo.

Mbele sijafika ku bibi, niseme kwanza juu ya klimatizeri, sababu wengi wanainunua na hawajui vile inatumika.

Mashini hii haitengenezi baridi. Inakamata joto ya chumba na kuitupa inje. Basi kila joto inayoingia ni kazi mupya, na kila kazi unailipa. Mulango ukibaki wazi, ao kukiwa tundu juu ya ukuta, unalipa makuta ili kupoza barabara. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ku nyumba, si ku mashini. Shemeji alitia plafo ya mbao nyembamba mu chumba kimoja tu, kile cha kulala. Akaziba matundu. Ku dirisha la magharibi akatundika mukeka kwa inje, si kwa ndani: pazia ya ndani inaacha jua lipite kioo kwanza, na joto ikishaingia imeingia. Mwenye kuweza apake mabati rangi nyeupe, na mwenye muti wa embe upande wa jua asiukate. Siku ya pili plafo imewekwa, mashini ilianza kujizima na kupumzika, na saa moja ikala inite karibu 0,6.

Kisha telekomandi. Watu wanaweka 16 wakizani chumba kitapoa mbio. Si hivyo. Mashini ya kawaida inatumika kwa nguvu ileile, ukiweka 16 ao 26. Tofauti ni kwamba kwa 16 haitasimama hata siku moja. Ile ya kisasa yenye kupunguza mwendo, kwa 16 itakimbia bila kupumzika. Weka 26, na ongeza vantilateri ndogo ya wati 50. Upepo kidogo ku ngozi unafanya 26 ionekane kama 23. Kule India serikali iliamuru kwamba tangu mwaka wa 2020 klimatizeri za nyumba zitoke ku kiwanda zimewekwa ku 24, na ofisi yao ya umeme ilihesabu kwamba kila digri moja unayopandisha inaokoa karibu 6 kwa mia.

Filtre, ioshe kila majuma mawili na maji na sabuni kidogo, ikauke mu kivuli. Na vumbi nyekundu ya barabara zetu za makamyo, hata juma moja linatosha kuiziba. Kile chombo cha inje kiwekee kivuli, lakini usikifunike, na usiweke mbabula karibu yake.

Kwa habari ya mbabula, sikieni vizuri, hasa vijana: chumba kilichofungwa sababu ya klimatizeri, ao sababu ya baridi ya mwezi wa sita, musiingize mbabula ndani yake hata dakika kumi. Hewa ya makala haina harufu, na inaua watu wamelala.

Kura ikilegea, ampuli zikawa nyekundu, zima mashini. Kompreseri inayojaribu kuanza na kura ya kuregea inaungua, na kuitengeneza ni bei karibu ya mupya. Baada ya delestaji, ngoja dakika tano mbele ya kuwasha.

Na kwa wengi wetu niseme wazi: usiku klimatizeri haina kazi huku kwetu. Tunakaa juu, Lubumbashi ni zaidi ya metre 1.200, na hata mu mwezi wa kumi usiku unapoa. Fungua madirisha jioni, weka wavu wa mbu na vyuma vya wezi, acha matofali yapoe mpaka asubuhi, kisha funga yote mbele ya saa mbili. Nyumba itabaki na ubaridi wake mpaka mchana. Anayelala mchana ndiye mwenye haki ya mashini.

Sasa, kwa nini hatukujua kuhesabu? Nazani ni historia yetu. Mwadingusha ilianza mwaka wa 1930, Koni 1950, Nzilo na Nseke ku Lualaba kisha, na ule waya mrefu wa Inga, karibu kilometre 1.700, ulifika Kolwezi mwaka wa 1982. Yote ilijengwa kwanza kwa migodi. Mu makambi mengi kura ilikuja pamoja na nyumba, na baba zetu hawakuona faktire. Hata leo wengine wanalipa forfe, bei moja kila mwezi. Kama ni wewe, usijidanganye: kuzima ampuli hakutapunguza bei yako. Omba kontere kwanza.

Nirudi ku parsele. Jioni ya ile siku ya posho tulifika ku nyumba ya nyuma. Bibi ana ampuli mbili ndogo, redio, na televizio ndogo anayoiwasha kwa habari. Tulihesabu mara mbili tukizani tumekosea. Haikufika inite 12 kwa mwezi. Parsele nzima ilikuwa imekula 480, na tulikuwa tunamulipisha robo, inite 120, na si mwezi huu tu. Ni miaka ine tangu bwana yake alipokufa.

Shemeji ndiye aliyesema kwanza: «Mama, ulikuwa unatulipiaka siye bote. Juu ya nini haukusema?»

«Nilijua,» bibi akajibu. «Lakini ningesema kwa nani? Nyumba tatu zinasema sehemu sawa, mimi peke yangu niseme hapana?»

Tulinunua kontere ndogo ine, kila nyumba yake, fundi akaziweka kwa nusu siku ndani ya laini yetu, nyuma ya kontere kubwa. Kila tarehe 1 mutoto wa nyumba ya tatu anasoma namba na kuziandika mu kaye iliyofungwa na kamba ku mulango. Mama yake analoweka maharagi usiku kucha, anayapika saa moja na robo. Bibi halipi kitu mpaka deni letu kwake liishe. Tumehesabu: akiendelea na ampuli zake mbili na redio, itakuwa miaka zaidi ya thelathini. Yeye ana miaka 71. Basi tumeanza kumurudishia kwa makuta, kila mwezi kidogo, nyumba zote tatu.