Motokaa Iliyoogelea

Motokaa ni ya barabarani na mashua ni ya majini; ndivyo ajuavyo kila mtu. Lakini mnamo mwaka 1961 kilitokea huko Ujerumani Magharibi chombo kilichofanya kazi zote mbili. Jina lake ni Amphicar. Siku hizi ni nadra mno kukiona, na sababu ya kupungua kwake ni fundisho kwa kila jamaa yenye chombo nyumbani, kiwe baiskeli, cherehani au jembe.

Mbunifu wake, Hanns Trippel, alikuwa ameunda magari ya kijeshi ya kuvuka mito tangu miaka ya 1930. Askari wanafahamu faida yake: daraja likivunjwa na adui, kikosi hakikwami ng'ambo. Baada ya vita, Trippel alitaka raia naye apate gari la namna hiyo, apande yeye na mkewe na watoto wao.

Motokaa hiyo ilikuwa na viti vinne na paa la turubai. Injini yake, yenye nguvu za farasi 43, ilitoka Uingereza na iliwekwa nyuma. Barabarani iliweza kwenda kilomita 110 hivi kwa saa. Majini ilisukumwa polepole na rafadha mbili, na magurudumu ya mbele ndiyo yaliyokuwa usukani. Milango ilikazwa kwa kitasa cha pili ili maji yasipenye, na pampu iliyatoa yale yaliyopenya.

Rais Lyndon Johnson wa Marekani alikuwa nayo shambani kwake Texas. Alizoea kuwapakia wageni wasioijua, kuiteremsha mlimani kuelekea ziwani, na kupiga kelele kwamba breki zimekatika. Wageni walitetemeka, naye alicheka walipojikuta wanaelea.

Hata hivyo, magari yaliyotengenezwa hayakufika 4,000. Mengi yaliuzwa Marekani, na mwaka 1968 sheria mpya za usalama na za moshi zilifunga soko hilo. Biashara ikafa.

Lakini sheria haikuyaangamiza yale yaliyokwisha nunuliwa. Yaliangamizwa na kutu. Bodi ilikuwa ya chuma, na maji, hasa ya chumvi, yalijificha katika maungio yake. Kila baada ya kuogelea, gari lilipaswa kukaushwa na viungo vyake kupakwa grisi. Mwenye kuchoka aliahirisha hadi kesho, na kesho ikawa mwaka. Chuma kikaliwa kutoka ndani, huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa.

Yaliyosalia ni ya wale wasioahirisha. Baadhi yao wamekuwa wakikutana mjini Celina, jimbo la Ohio, na kuyaingiza ziwani kwa pamoja, nayo yanaelea kama siku ya kwanza.

Askari hasafishi bunduki yake kwa sababu ni chafu leo, bali kwa sababu ataihitaji kesho. Desturi hiyo isiachwe kambini. Ifike na nyumbani. Watoto wafundishwe kukausha panga kabla ya kuliweka, na kupaka mafuta mnyororo wa baiskeli baada ya mvua. Kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini kununua kipya ni mshahara mzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.