MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI



Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyakazi wa reli hahitaji kufundishwa neno hili. Mimi mwenyewe zamani nilikatwa mshahara kwa ajili ya magunia mawili yaliyotoka katika ghala la mizigo bila kuandikwa. Ufunguo alikuwa nao mkubwa, lawama nikawa nayo mimi. Kwa hiyo leo twataka kuwaeleza habari za Marekani, ambako watu wanabishana juu ya daftari la dawa za wanyama. Msiseme ni mambo ya mbali. Penye ghala la dawa pana mfanyakazi pia.

Huko majimbo yana madaftari ya dawa kali, yaani zile za jamii ya kasumba na nyingine ziwezazo kumfanya mtu mtumwa wake. California ilianza kazi hiyo mwaka 1939. Missouri ilikuwa ya mwisho, ikapitisha sheria yake mwaka 2021. Mwenye duka la dawa akitoa dawa hizo, hana budi kupeleka habari kwa jimbo: jina la mtu, jina la dawa, kiasi, na siku. Shabaha ni kumtambua yule anayezunguka kwa madaktari watano kutafuta dawa ile ile.

Lakini daktari wa mifugo naye anazo. Ana ketamini ya kumlaza mnyama anayepasuliwa, tramadoli ya maumivu, na fenobabitali ya mbwa mwenye kifafa. Mara nyingi huzitoa kwa mkono wake mwenyewe, wala hazipiti katika duka la dawa. Hapo ndipo penye mwanya. Mwaka 2014, katika jimbo la Kentucky, mwanamke mmoja alishtakiwa kwamba alimkata mbwa wake kwa wembe ili apewe tramadoli. Mnyama hana mdomo wa kushtaki.

Juu ya jambo hili majimbo hayakukubaliana. Mengine yamemlazimisha daktari wa mifugo kupeleka habari, mengine yamemsamehe. Katika California duka la dawa lapewa siku moja ya kazi, lakini daktari wa mifugo amepewa siku 7. Madaktari wana hoja zao: daftari lilitengenezwa kwa ajili ya watu, mbwa hana kitambulisho, leo huletwa na baba, kesho na mtoto. Hoja hizo si za uongo. Lakini mwizi naye hutafuta mahali pasipoandikwa.

Tena, hata pale jimbo liliposamehe, serikali kuu ya Marekani haikusamehe. Daktari lazima atunze hesabu ya dawa hizo kwa miaka 2, na zikiibwa apeleke taarifa. Basi hakuna swali kama iandikwe au isiandikwe. Swali ni nani aandike, nani asome, na nani alaumiwe.

Rai yetu ni hii. Kwanza, daftari ni ngao ya mfanyakazi. Msaidizi anayefagia na kushika wanyama ndiye wa kwanza kupekuliwa chupa ikipungua. Kitabu chenye sahihi mbili, ya mwenye kutoa na ya mwenye kupokea, humwokoa. Pili, daftari lisiwe mtego kwa mtu mwema. Mwenye mbwa wa kifafa huchukua dawa mwezi baada ya mwezi. Jina lake lisisomwe na kila mpita njia, wala na tajiri wake. Tatu, ufunguo na lawama vikae pamoja. Haifai mkubwa ashike ufunguo, kisha mtumishi ashike lawama.

Hapa Kenya tunayo sheria yetu ya mwaka 1994 juu ya dawa za kulevya, na wengi wetu tuna ng'ombe nyumbani. Daktari wa mifugo akikuuliza jina na kuandika dawa aliyotoa, usikasirike. Anajilinda, na anakulinda wewe.

Na popote utakapowekwa kulinda mali, iwe dawa au magunia, dai kitabu kwanza. Usitie sahihi juu ya kitu usichokihesabu kwa macho yako. Ukikataliwa kitabu, usinyamaze: mwone katibu wa tawi lako siku hiyo hiyo, kabla mali haijapotea.

Umoja ni nguvu.