BARAZA LA JAMAA: Marimba ya Hukwe Zawose



Labda hata nyumbani kwako yuko mtoto aliyevunja mwavuli wa baba yake apate vyuma vya kutengenezea marimba. Kabla hujashika fimbo, sikiliza kwanza habari za Hukwe Zawose.

Huyu alikuwa Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1938. Baba yake ndiye aliyemfundisha. Marimba ya Kigogo, ambayo wenyewe huyaita ilimba, ni kisanduku cha mbao chenye vyuma bapa vya kupigwa kwa vidole gumba, na tundu lililozibwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Hukwe hakuyatupa akanunue gitaa. Aliyakuza. Akaongeza vyuma hata vikawa makumi, na vingine havikuguswa kamwe: vilivuma vyenyewe jirani zao walipopigwa. Zeze nalo akaliongezea nyuzi.

Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Baadaye akafundisha katika Chuo cha Sanaa, Bagamoyo. Akafika Ulaya, na mwishoni akatoa sahani iitwayo Assembly pamoja na Mkanada Michael Brook, mpiga gitaa la umeme. Mimi siisifu yote. Mahali pengine mitambo inamfunika mzee. Lakini anapopandisha ile sauti yake ya juu, mitambo yote husahaulika.

Wako wanaonong'ona kwamba marimba ni mambo ya kipagani. Basi, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza mwaka 1963 kwamba muziki wa wenyeji katika nchi za misioni upewe heshima yake, hata katika ibada.

Hukwe alifariki Desemba 2003. Sasa neno kwa akina baba. Kwa desturi yao binti hakupewa marimba wala zeze. Kazi yake ilikuwa kuitikia na kucheza. Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, walikaa miaka mingi nyuma ya wanaume wakiitikia. Mwaka 2024 hao wawili walitoa sahani yao wenyewe, Maisha, nao ndio waliosimama mbele. Mzee alikuwa amekwisha zikwa miaka ishirini.

Na wewe baba unayejua kupiga, binti yako umekwisha mwonyesha?