Mawingu ya Kusi Yahesabiwe

Soma tangazo lolote la utalii wa Diani. Mchanga mweupe, mnazi uliopinda, ngamia mmoja, basi. Anga limewekwa pale nyuma kama pazia la studio ya picha. Na sisi wa mijini tumelimeza tangazo hilo zima zima: tunashuka na treni kutoka Nairobi, tunavuka feri pale Likoni, tunapiga selfi, tunasema upepo wa huku ni safi, tunarudi kazini. Hakuna anayeuliza huo upepo umebeba nini.

Umebeba vitu, jamani. Ile harufu ya bahari mnayoisifu, sehemu yake ni gesi yenye salfa, dimethili salfaidi, na chanzo chake ni vijimea vya planktoni, vidogo hata jicho halivioni. Vikiliwa au vikifa, kemikali iliyokuwa ndani yake humwagika, bakteria huivunja, na sehemu ndogo ya gesi hutoroka hadi hewani. Huko juani hugeuka asidi, asidi huzaa chembechembe, na mvuke wa maji hupata pa kushika. Mvuke nao ni kama mgeni: hauketi mpaka upewe kiti. Bila chembe, wingu halifanyiki.

Mwaka 1987 wanasayansi wanne, James Lovelock akiwa mmoja wao, walikwenda mbali zaidi. Walidai kwamba planktoni, kwa njia hii ya mawingu, huenda zinasaidia kudhibiti joto la dunia. Mwaka 2011 Patricia Quinn na Timothy Bates wakawapinga kwenye jarida la Nature: chembe nyingi za baharini hutokana na chumvi na mabaki ya viumbe yanayorushwa na mawimbi, na kidhibiti hicho cha joto hakipo. Lakini kwenye ncha za dunia planktoni bado zina sauti. Kiangazi hewa ya Aktiki na Antaktika huwa na moshi mchache, kwa hiyo zikichanua barafu inapoyeyuka, mchango wao huonekana wazi.

Sawa. Hiyo ni sababu ya haki ya kwenda kupima huko. Sababu ya pili haisemwi: mwenye meli ndiye huchagua pa kwenda. Halafu jibu la Antaktika linaletwa huku kama nguo za mtumba, tulivae tu hata kama halitutoshi.

Na msiniambie ati hapa hakuna hewa ya kupimia. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi hutuletea hewa iliyopita Bara Hindi na Bara Arabu. Mwaka 1999 mradi wa utafiti wa INDOEX ulikuta ukungu wa kahawia, moshi wa viwanda, magari na majiko, umetanda juu ya kaskazini mwa Bahari ya Hindi. Ikifika Aprili upepo hugeuka. Kusi huja ikiwa imevuka maelfu ya kilomita za maji. Msimu mmoja hewa ya bara, msimu wa pili pumzi ya bahari yenyewe, na wewe umesimama palepale Gazi, hujapanda hata ngalawa. Kwa maswali ya aina hii, hiyo ni maabara ya bure. Na ni ndani ya hiyo kusi ambapo masika ya Pwani hufikia kilele, mwezi wa Mei.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba planktoni za magharibi mwa Bahari ya Hindi zimepungua kwa hadi asilimia 20 katika miongo sita, maji yakizidi kupata joto. Wengi walioisoma habari hiyo waliwaza samaki, na ni haki. Mimi nawaza pia mawingu. Kinango iliona mvua ikikataa msimu baada ya msimu kuanzia mwisho wa 2020. Sizisingizii planktoni ukame huo. Nataka tu mkulima wa mahindi asiambiwe "mabadiliko ya tabianchi" kama dua ya kufungia kikao, wakati kipande kizima cha hesabu hakijaguswa.

Tunajua kuhesabu tukitaka. Mikoko Pamoja, pale Gazi na Makongeni, wanauza kaboni ya hekta 117 za mikoko tangu 2013, na pesa zimeingia kwenye maji na shule. Heshima yao. Lakini mkoko umesimama mahali pamoja, una kijiji, una mnunuzi. Planktoni hazina mwenyewe. Ndiyo maana "uchumi wa buluu" unaohubiriwa tangu ule mkutano mkubwa wa Nairobi wa 2018 unaishia kwenye bandari na samaki, na ukifika juu ya maji unanyamaza.

Juu ya Mlima Kenya kuna kituo cha kupima hewa tangu 1999. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, tayari ina kituo Gazi. Kiwekwe kichujio cha chembe za hewani hapo, kiwekwe chombo cha kupima salfa, waajiriwe vijana wa Msambweni waliosoma kemia na sasa wanaendesha bodaboda. Kiwashwe mapema, kabla upepo haujageuka Aprili.