Sikio Peke Yake Halitoshi

Wapo wenzetu wasemao kwamba kuandika "there" mahali pa "their" ni kosa dogo, maana msahihishaji ataelewa tu. Mimi sikubaliani nao. Sisi ambao masomo yetu karibu yote ni ya Kiingereza, kosa hili hutufuata katika kila mtihani. Aandikaye "Archimedes' Principal" amempa mtaalamu yule mkuu wa chuo badala ya kanuni. Katika Biolojia "cell" ni seli, bali "sell" ni kuuza.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, Kiingereza sivyo. Zamani Waingereza waliitamka ile "k" ya "know" na ya "knight". William Caxton alipoleta mtambo wa kupiga chapa Uingereza mwaka 1476, tahajia ilianza kutulia, lakini matamshi yakaendelea kubadilika. "K" ikanyamaza, ikabaki karatasini. Ndiyo sababu leo "know" na "no" husikika sawasawa. Tena Kiswahili kina irabu tano tu, kwa hiyo hata "live" na "leave", ambayo Mwingereza huyatofautisha, vinywani mwetu huwa pacha.

Wengi wetu hukariri orodha ndefu za maneno hayo usiku wa kuamkia mtihani. Naona ni kazi bure, kwa kuwa neno lililo peke yake halijulishi kitu. Tazameni lugha yetu. Mtu akisema "kaa" tu, hujui ataka nini. Akisema "kaa huyu" wajua ni wa baharini, na akisema "kaa hili" wajua ni la jikoni. Jirani wa neno ndiye alitambulishaye. Vivyo hivyo "their" hufuatwa na kitu chenye wenyewe, kama "their books". "There" huonyesha mahali, nalo lina "here" ndani yake, kama vile "hear" lilivyo na "ear".

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu wa Kiingereza waturudishie imla, robo saa kila juma, na iwe ya sentensi nzima. Kisha kila mwanafunzi aulizwe kwa nini amechagua neno lile. Nanyi wazazi, mkipata fedha kidogo wakati wa likizo, tununulieni kitabu kimoja cha hadithi za Kiingereza, ili macho yetu yazoee kuliona kila neno mahali pake.